Kucha ya Fundi Soli

"Kivue," alisema Fundi Soli. "Nakuomba, kivue tu."

Dada Kucha alikuwa amesimama juu ya kipande cha boksi katikati ya karakana, mguu wa kulia ndani ya kiatu cha harusi, wa kushoto peku. Kiatu kilikuwa cha ngozi laini ya rangi ya maziwa, na kilimkaa kama kimeota naye. Akadhani ni mzaha.

"Kimekukosea nini? Mbona kimenikaa vizuri."

"Sio kiatu. Harusi. Harusi haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo. Usiniulize."

Alikuwa amempa mgongo, anapanga visu ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. Mtaani walimwita Fundi Soli kwa sababu akikitazama kiatu chako chini, alikueleza unatembeaje na bega gani unabebea mzigo. Yeye Dada Kucha alipaka watu rangi za kucha katika saluni ya mtaa huohuo. Walichumbiana mwaka mzima, na katika mwaka huo hakuwahi kumwona Fundi akishindwa kumtazama usoni.

Karakana ilikuwa na rafu zilizojaa kalibu, ile miguu ya mbao ambayo fundi huivalisha ngozi akishona kiatu. Kila mteja wa kudumu alikuwa na jozi yake. Lakini jozi moja haikukaa rafuni. Ilining'inia peke yake kwenye msumari juu ya meza ya kazi, nyembamba, ya kike, na ile ya kulia ilikuwa imechongwa kishimo chini ya kisigino. Ilikuwa ya marehemu mke wake. Dada Kucha hakupenda kuitazama, na kila alipokaa humo ndani alihisi kama kuna mtu amesimama juu yao, amevaa hewa kuanzia kifundoni kwenda juu.

"Ni yeye?" aliuliza, akiinua kidevu kuelekea ukutani.

"Mwache marehemu apumzike."

"Mimi ndiye nimwache? Nani alimtundika pale?"

Mkono wa kulia wa Fundi ulishika ukingo wa meza. Wa kushoto aliuficha ndani ya aproni.

Dada Kucha akakivua kile kiatu cha harusi, akavaa ndala zake, akakitia kwapani.

"Hiki naondoka nacho. Siku ukikumbuka kwamba nina miguu miwili, utanitafuta."

Jioni alimwandikia: "Niambie nimekosa nini."

Jibu likachelewa. "Hujakosa kitu. Naomba unisahau."

"Na kiatu cha kushoto?"

"Nitampa fundi mwingine akimalizie."

"Sitaki fundi mwingine."

Alama za kuonyesha kwamba anaandika zikatokea, zikapotea, zikatokea tena. Hakuna kilichokuja. Kile kiatu kimoja alikiweka chini ya kitanda, kisha akakitoa, akakiweka mbele ya kabati. Kila alipopita alikikuta kimeelekea mlangoni.

*

"Ana mwingine," alisema Msusi, mwenzake wa saluni, vidole vimezama kwenye nywele za mteja. "Mwanaume akishasema 'usiniulize', ujue jibu limevaa hereni."

"Huyo mwingine angempata wapi? Akitoka kazini ananuka gundi mpaka nzi wanamkwepa."

"Basi ni marehemu. Na huyo ndiye mbaya zaidi, shoga. Hazeeki, hanuni, wala hakosei chumvi. Utashindana naye vipi?"

Mteja akacheka. Dada Kucha hakucheka. Alimaliza kupaka kidole alichokishika, akafunga vichupa vyake kimoja kimoja, akamwambia Msusi anatoka kidogo.

Alikwenda kwa Mama, yaani mama wa marehemu. Fundi alikuwa bado anamtunza kama mama mkwe wake, na uchumba ulipoanza yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuambiwa. Alimkuta uani anaanua nguo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na uso huo na mimi nina mashuka sita. Shika upande huo."

Wakakunja, mmoja huku na mmoja kule, wakikutana katikati na kuachana tena.

"Amevunja uchumba," alisema Dada Kucha walipokutana.

Mama alirudi nyuma na ncha zake mbili za shuka. "Amesema kwa nini?"

"Hasemi. Nimekuja kukuuliza jambo ambalo sijawahi kumwuliza yeye. Alikufa vipi?"

Mama alikunja shuka lote kabla ya kujibu.

"Doa. Doa jeusi kisiginoni, kama amekanyaga lami. Tukasema ni kugandamizwa na kiatu. Zahanati wakampa dawa ya fangasi. Akapaka. Likawa linamchoma akitembea, basi mumewe akamchongea kishimo kwenye soli ili lile doa lisiguse chini. Akatembea vizuri, akafurahi, akatuchezea hapa uani. Lilipokua, akamchongea kishimo kikubwa zaidi. Kila likikua, kishimo kinakua. Hakuumia, mwanangu. Na kwa vile hakuumia, hatukwenda tena popote."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alipotoka mitoki, uvimbe wa tezi, kwenye kinena. Hospitali kubwa walipomwona wakasema ni saratani, imeshatembea mwilini. Yule bwana alimwuguza kwa mikono yake. Alimbeba, alimwogesha. Siku tunazika, aliniambia neno moja tu. 'Mama, nilimfanyia raha mpaka akafa.'"

Kuku alipita katikati yao. Mama akamfukuza kwa mguu bila hasira.

"Na mwezi uliopita alikuja. Alikaa hapo ulipo. Akaniuliza, lile doa lilipoanza lilikuwa la rangi ya kahawa au lilianza jeusi? Nikamwambia, unafukua nini? Akasema alitaka kujua tu."

Shuka lilimponyoka Dada Kucha mkononi.

*

Alitembea mpaka kwake akihesabu kumbukumbu. Siku Fundi alipompima miguu kwa ajili ya viatu vya harusi, aliigeuza, akazitazama nyayo kwa muda mrefu mpaka yeye akatekenyeka na kucheka. "Unasoma nini huko chini, barua?" Fundi hakucheka naye.

Aliona kitu. Ameliona lile doa kwenye mguu wangu, akakimbia.

Akafunga mlango, akakaa kitandani na kioo cha mkononi, akajikagua. Visigino, katikati ya vidole, kiganja cha mguu, kila mahali. Alisugua kwa kitambaa chenye maji, akatazama tena. Nyayo zake zilikuwa safi.

Moyo ulimtulia. Halafu, akiwa bado ameshika kioo, baridi ikamwingia. Kama si mimi, Fundi alimwuliza Mama kwa ajili ya nani?

Akaukumbuka mkono ndani ya aproni.

Kidole gumba cha mkono wa kushoto cha Fundi siku zote kilikuwa cheusi kwa rangi ya viatu. Walipojuana tu, alitaka kukisafisha. "Njoo nikupake hata rangi ya maziwa, ufanane na watu," alimwambia. Fundi akauvuta mkono. "Nyundo ilinigonga. Chini ya kucha kuna damu imevilia."

Hayo yalikuwa ya mwaka jana.

Kucha ndiyo kazi yake. Anampaka mteja leo, akirudi baada ya wiki chache rangi imesogea mbele na pengo limejitokeza kwenye shina. Damu iliyovilia nayo hupanda na kucha, mpaka siku moja unaikata na kuitupa. Ya Fundi ilipaswa kuwa imeshakatwa na kusahaulika zamani.

*

Asubuhi alifungua mlango wa karakana na kikapu chake cha kazi mkononi. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akatandaza taulo magotini.

"Nipe mkono."

"Nina kazi nyingi."

"Na mimi nina kazi. Nipe mkono wa kushoto."

"Mpenzi, nilishakwambia..."

"Usiniite mpenzi. Mpenzi uliyemvunjia harusi hakai hapa. Aliyekaa hapa ni mpaka rangi za kucha. Nipe mkono, Fundi."

Fundi aliinua macho kwenda kwenye kalibu zilizoning'inia, kama mtu anayeomba ruhusa. Kisha akautoa mkono kwenye aproni, akauweka juu ya taulo.

Dada Kucha alilowesha pamba, akafuta. Rangi ya viatu ilitoka nyeusi, pamba ikatupwa. Ya pili ikatoka nyeusi kidogo. Ya tatu ilitoka nyeupe, na kucha ikabaki nyeusi.

Aliona mistari kwenye kucha za watu kila siku, myembamba, ya kahawia, mmoja huku na mwingine kule, na haikumtisha. Huu haukuwa hivyo. Ulikuwa utepe, mpana kwenye shina kuliko kwenye ncha, rangi yake haikulingana, na pale kwenye shina weusi ulikuwa umevuka kucha na kumwagikia kwenye ngozi.

Alishika kile kidole muda mrefu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipovuka kwenye ngozi. Kabla ya hapo nilijiambia nyundo."

"Na rangi ya viatu?"

"Nilikuwa naipaka ili usiione."

"Ili mimi nisiione au wewe usiione?"

Nje mtu alipita akiburuza ndala.

"Niliyaona yote," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Najua jinsi yanavyokwenda na yanapoishia. Nilimbeba mtu kutoka hapa mpaka chooni, na alikuwa mwepesi kuliko begi la ngozi. Wewe sikutaka ubebe mzigo huo. Nilitaka unichukie mapema, ukiwa bado una nguvu ya kupata mwingine."

"Kwa hiyo umenichagulia."

"Nimekuepushia."

"Yeye ulimchongea kishimo asiumie. Mimi unanichongea kwa hiki." Alikiinua kile kidole mbele ya uso wake. "Ni kazi ileile, Fundi. Umebadilisha tu kifaa."

Aliona neno lilivyoingia, akatamani kulirudisha. Dada Kucha hakumwachia mkono.

"Unajua mwisho mmoja tu," alisema polepole. "Wa mtu aliyechelewa. Mwingine hujauona. Vaa shati."

"Sasa hivi?"

"Wateja wangu watangoja, na wako watangoja. Vaa shati."

*

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mtulivu. Alitazama kidole kwa lenzi, akatazama kucha nyingine tisa, akamvua viatu akatazama nyayo, akapapasa kwapani. Ndipo akaketi.

"Watu wengi wenye ngozi kama yetu wana mistari ya kahawia kwenye kucha, na haina neno. Lakini kucha moja peke yake, mstari unaopanuka, rangi imeingia kwenye ngozi, huo siwezi kuuacha. Nitatia ganzi, nikate kipande kidogo, kikapimwe."

"Ni melanoma," alisema Fundi.

"Huenda. Nani alikufundisha neno hilo?"

"Mke wangu alikufa nayo."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Basi nikueleze yale ambayo huenda hamkuelezwa. Ni saratani ya zile chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Wengi hudhani ni ugonjwa wa weupe na jua. Kwa sisi ni nadra, lakini ikija hupenda mahali pasipotazamwa: chini ya mguu, kiganjani, ndani ya kucha. Ndiyo maana tunachelewa. Tunasema nimejigonga, nimekanyaga kitu."

"Nilimwambukiza? Au yeye alinipa mimi?"

"Hapana. Haiambukizi. Nyundo pia haikuileta, na kiatu hakikuileta. Kwa nini imewapata nyote wawili sijui. Sitakutungia sababu."

Fundi aliinamisha kichwa. Swali alilokuja nalo halikuwa la kidole chake.

"Daktari. Nilikuwa namchongea vishimo kwenye soli. Asiumie. Je, ni mimi niliyemwua?"

Dada Kucha alitazama sakafu. Daktari alisogeza kiti karibu.

"Ugonjwa ndio uliomwua. Kuchelewa kulimnyima nafasi, sitakudanganya. Lakini alikwenda zahanati akapewa dawa ya fangasi. Waliosomea walilitazama wakakosea. Wewe ulikuwa fundi viatu, ukafanya kile fundi viatu anachojua. Sasa unajua zaidi. Leo umekuja."

Siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu. Fundi alifungua karakana bila kushona. Dada Kucha akimpigia mchana, walisikilizana wakipumua.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Umekula nini?"

"Nimekula kidogo."

"Unamtazama marehemu tena?"

"Yeye ndiye ananitazama."

"Msalimie. Mwambie nakuja na chakula."

Majibu yalipotoka ilikuwa melanoma, ila haikuwa nene, yaani haikuwa imezama ndani. Daktari wa upasuaji alikata kidole gumba kwenye kiungo cha juu, na siku hiyohiyo akatoa tezi ya kwanza ya kwapani, ile ambayo ugonjwa ukisafiri hupita hapo kwanza. Tezi ilikutwa safi. Ingekutwa na kitu, kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili ipambane yenyewe. Hazipatikani kila mahali, alisema daktari wa ngozi, lakini zipo. Kwa sasa atarudi kukaguliwa kila baada ya miezi michache, kwa miaka.

"Kwa hiyo nimepona?"

"Kwa leo hatuoni ugonjwa. Hilo ndilo neno ninaloweza kukupa."

Hospitalini walimpeleka kwenye kikundi cha wagonjwa, watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakizungumza. Fundi alikwenda akiwa amenuna. Jirani yake alikuwa mzee mcheshi aliyekatwa mguu.

"Wewe fundi viatu? Mungu akupe nini. Mimi nitakuletea kazi nusu, na bei nataka nusu."

Fundi alicheka, akashtuka kwa sauti yake mwenyewe. Mzee akamwinamia.

"Usiku huwa wanakuja wale waliotangulia?"

"Huja."

"Kwangu ni kaka yangu. Siku hizi namwambia kaa, sikufukuzi. Anakaa. Asubuhi namimina chai, nakwenda kliniki."

*

Kushika ngozi bila ncha ya kidole gumba kulimtesa. Uzi ulimponyoka, sindano ikamchoma. Alirarua mshono wa kiatu cha kushoto, akaanza upya, akararua tena. Jioni moja Dada Kucha alimkuta ameketi na kile kiatu magotini.

"Mpe fundi mwingine," alisema, kumjaribu.

"Ulisema hutaki fundi mwingine."

"Nilisema lini?"

"Uliandika. Sijaufuta ujumbe."

Akaketi karibu yake, akashika ukingo wa ngozi kwa kidole gumba chake, pale ambapo cha Fundi kingekuwa. Fundi akapitisha sindano. Wakaenda hivyo mpaka mshono ukaisha.

Kisha Fundi akaziangalia kalibu za ukutani. "Nizitoe?"

Dada Kucha aliifikiria. Ule ubaridi wa mtu aliyesimama juu yao haukuwa umekwisha. Ila alikuwa ameshauzoea, kama mtu anavyomzoea mpangaji wa chumba cha pili.

"Ziache. Watu waulize kile kishimo ni cha nini. Nawe uwaambie."

Tangu hapo kila aliyeleta kiatu kwa Fundi Soli alivuliwa na cha pili, nyayo zikageuzwa kwenye mwanga. Baadhi walicheka. Baadhi walijibiwa kwa kuonyeshwa ukuta, wakaacha kucheka.

*

Siku ya ndoa ofisi ya msajili ilikuwa imejaa. Msusi alikuja na wigi jipya, Mama alikaa mstari wa mbele, mahali pa mama wa bwana harusi, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki. Walitia saini. Watu walisimama, wakaanza kusogea mlangoni kwa ajili ya picha.

Hatua ya tatu, Dada Kucha alisita.

"Nini?" aliuliza Fundi.

Alitaka kunyamaza. Haikuwa siku ya maneno hayo. Lakini walishaahidiana kutoficha.

"Cha kushoto. Kinanichoma kisigino."

Fundi alisimama kama aliyeitwa kwa jina na mtu asiyekuwepo. Nyuma yao Mama, aliyesikia, alishika mgongo wa kiti.

"Kitoboe tu kidogo hapo ndani, shemeji," alisema Msusi, ambaye hakujua. "Au muwekee pamba, twende tukapige picha."

"Hapana," alisema Fundi.

Akapiga goti pale sakafuni na suti yake. Akamvua kiatu, hakukitazama, akakiweka pembeni. Akauchukua mguu, akaulaza juu ya paja lake, akaugeuza kuelekea dirishani. Alipitisha kile kidole kifupi kisiginoni, polepole, mahali palepale. Ukumbi ulinyamaza bila kujua unanyamazia nini. Dada Kucha alisimama kwa mguu mmoja, amemshika bega, na kupitia bega lile alisikia jinsi alivyokuwa anatetemeka.

"Kuna nini?" alinong'ona.

"Ngoja nitazame."

Alitazama mpaka aliporidhika. Kisha akatia mkono ndani ya kiatu, akapapasa.

"Ncha ya uzi," alisema. "Nimeacha ncha ya uzi. Mguu hauna kitu."

Aliikata kwa meno. Akamvisha kiatu, akafunga kishikizo kwa vidole vinne na nusu, akichukua muda wake, na hakuna aliyemharakisha. Mama alikuwa analia kimya kimya, kiganja mdomoni.

"Sasa?" aliuliza Fundi, bado amepiga goti.

Dada Kucha alikanyaga chini. Ndani palikuwa sawasawa, kisigino kizima kikaigusa soli.

"Sasa simama, mume wangu. Twende."